Gunia la Makala Linatoka Wapi? Historia Fupi ya Umaskini Wetu



Jumapili moja, baada ya mafundisho, msichana mmoja wa Katoyi alibaki nyuma wenzake walipokuwa wakitoka. Siku hiyo tulikuwa tumezungumza juu ya wajibu wa kutunza uumbaji, nasi tukasema, kwa sauti ya mtu ajuaye, kwamba akataye mti wa Hifadhi ya Virunga anamwibia mtoto ambaye hajazaliwa. Msichana yule akatuuliza: "Mwalimu, mama yangu anauza makala. Ni hayo tunayokula, ni hayo yaliyonilipia shule. Je, mama yangu ni mwizi?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwomba muda wa kufikiri, na tangu siku ile tumerudi katika vitabu vya historia tulivyovitumia kufundishia, tukavisoma upya tukiwa na swali lake mkononi. Andiko hili ndilo jibu tulilomdai. Tunaliandika kwa ajili yenu nyote, kwa maana karibu kila nyumba katika mtaa wetu hupikia makala, na hakuna hata mmoja wetu awezaye kusema kwamba neno hili halimhusu.

Tuanze na tunapokaa. Katoyi, katika komine ya Karisimbi, imejengwa juu ya mawe meusi ya volkano. Juu ya mawe hayo mtu hapandi maharagwe, na kisima hakichimbiki kwa urahisi, kwa sababu maji ya mvua hupenya na kupotea. Kwa hiyo mkaaji wa Katoyi hununua kila kitu: kidumu cha maji, bakuli la unga, na makala ya kuvipikia. Mwenye fedha hununua gunia zima. Asiye nazo hununua kidogo kidogo, ya kutosha sufuria moja, na mwisho wa mwezi amelipa zaidi ya yule mwenye gunia. Huo ndio umaskini uliokithiri unavyofanya kazi: humnyima mtu fedha, kisha humuuzia kila kitu kwa bei ya juu.

Lakini watu hawa wametoka wapi, na kwa nini wamekuja kuishi juu ya mawe? Wengi wetu wazazi wetu walitoka Masisi, Rutshuru, Walikale au Kalehe, nchi za udongo mzuri na mvua ya kutosha. Mtu haachi udongo mzuri bila sababu.

Sababu ya kwanza ni ardhi. Tarehe 1 Julai 1885 utawala wa Mfalme Leopold wa Pili ulitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola. Msitu wa mababu, malisho, na shamba lililoachwa lipumzike, vyote vilihesabiwa kuwa havina mwenyewe. Mwaka 1925 ikaanzishwa Hifadhi ya Albert, ya kwanza ya aina yake katika Afrika, ambayo leo tunaiita Virunga. Mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyokabidhiwa maeneo makubwa ili iwagawie walowezi wa Kizungu. Kahawa, chai na pareto vikachukua milima ya Masisi. Na kwa kuwa mashamba hayo yalihitaji mikono, kati ya 1937 na 1955 serikali ya Kibelgiji ilihamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwaleta huku. Mbegu za magomvi ya ardhi ambayo bado yanatutoa machozi zilipandwa hapo, katika ofisi za watu waliokuwa wakihesabu magunia ya kahawa.

Tuwe waangalifu. Kuanzishwa kwa hifadhi hakukuwa kosa kwa kuwa kunalinda miti. Bila hiyo huenda msitu wote ungekwisha zamani. Kosa ni kwamba mkulima alifungiwa milango miwili kwa wakati mmoja: hapa hifadhi, pale shamba la mlowezi. Baada ya uhuru mlango wa pili haukufunguliwa. Sheria ya 1973 ilithibitisha kwamba ardhi ni ya Dola, na tarehe 30 Novemba mwaka huohuo Rais Mobutu alitangaza kutwaliwa kwa mali za wageni. Mashamba mengi ya walowezi yakaangukia mikononi mwa wakubwa wa utawala, siyo ya wale waliokuwa wakiyalima.

Sababu ya pili ni bei. Mkulima mdogo aliyebaki na kipande chake alipanda kahawa, kwa kuwa kahawa ilileta fedha. Alikuwa hajui kwamba bei yake ilishikiliwa na mkataba wa kimataifa uliowagawia wazalishaji mafungu ya kuuza. Mnamo Julai 1989 mafungu hayo yalisitishwa, na katika muda wa miezi michache bei ikaporomoka hadi karibu nusu. Hakuna mkulima wa Kivu aliyeulizwa neno. Wengi waliacha mibuni yao ikafunikwa na magugu.

Taifa zima lilikuwa limekwisha kupatwa na jambo hilohilo kwa upande wa shaba, ambayo bei yake ilianguka kati ya 1974 na 1975. Zaire ilikuwa imekopa fedha nyingi kwa kuitegemea shaba. Sehemu ya deni hilo ilijenga njia ya umeme ya Inga-Shaba, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,700, iliyokamilika mwaka 1982. Umeme ulitoka katika Mto Kongo ukaenda kwenye migodi ya Katanga, ukipita juu ya vijiji visivyo na taa hata moja. Deni lilipoiva, serikali ilibana matumizi ya shule na hospitali. Nasi walimu, katika miaka ya 1990, mshahara ulipokoma kuja, tuliishi kwa mchango wa wazazi, hadi elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bila malipo mwaka 2019.

Hapa tulisimama katika kusoma, tukaona aibu. Mchango wa wazazi wa Katoyi ulitoka wapi? Ulitoka katika mchuuzi wa sokoni, msukuma chukudu, na muuza makala. Mkate wetu, sisi tuliosimama mbele ya darasa tukiwalaumu wakata miti, ulitoka katika gunia lilelile. Msichana yule alipouliza kama mama yake ni mwizi, aliyeulizwa alikuwa amekula naye miaka mingi.

Sababu ya tatu ni vita. Mnamo Julai 1994, katika siku chache, watu karibu milioni moja walivuka kutoka Rwanda na kufika Goma. Kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu. Waliosalia walikaa Mugunga, Kibumba na Katale, pembeni mwa hifadhi, zaidi ya miaka miwili. Chakula kilikuja kwa ndege na malori kutoka ng'ambo, lakini kuni za kukipikia zilitoka kwa sehemu kubwa katika Virunga. Mwaka huohuo wa 1994 UNESCO iliiweka Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na hadi leo haijatoka humo. Kila vita iliyofuata imefukuza wanakijiji na kuwaleta pembeni mwa mji, na kila mkimbizi anahitaji moto wa kupikia.

Vita nayo ina soko lake. Mwaka 2000 viwanda vya simu na kompyuta vilihitaji tantali, madini yanayotoka katika koltani, na bei ikapanda mara kadhaa katika muda mfupi. Vijana wa Masisi waliacha majembe, wakaenda kuchimba. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Mashimo yakabaki, na bunduki zilizokwisha kununuliwa zikabaki pia. Septemba 2010 serikali ilipofunga migodi ya Kivu na Maniema hadi Machi 2011, aliyepoteza chakula cha siku alikuwa mchimbaji. Simu iliyo mfukoni mwenu huenda ina chembe ya milima yetu. Faida yake kubwa imebaki mbali na milima hiyo.

Sasa tuje kwenye mvua. Tangu viwanda vya Ulaya vilipoanza kuchoma makaa ya mawe kwa wingi, na baadaye mafuta ya petroli, dunia imepata joto zaidi kwa nyuzi moja na zaidi. Hewa iliyopata joto hubeba maji mengi zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi moja; inapoyaachia, huyaachia kwa nguvu. Mkongomani mmoja, kwa wastani, hatoi hata sehemu ya kumi ya tani ya hewa ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Mmarekani mmoja hutoa zaidi ya tani 13. Ni kweli kwamba ukataji wa misitu yetu nao unaongeza hewa ukaa, na hatuna ruhusa ya kulificha jambo hilo. Lakini deni la zamani si letu, na faida ya moto ule hatukuipata.

Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha katika nchi za maziwa. Katika Rwanda walikufa watu zaidi ya 130. Siku chache baadaye, huko Kalehe, ng'ambo ya ziwa letu, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vilisombwa na mafuriko na matope; waliozikwa walipita 400, na maelfu hawakuonekana tena. Hatuwezi kusema kwamba mvua ile moja ililetwa na joto la dunia. Tunaweza kusema kwamba mlima uliovuliwa miti hauzuii maji, kwamba mlima huvuliwa miti na watu wasio na nishati nyingine wala ardhi nyingine, na kwamba maskini hujenga mahali ambapo mwenye fedha hakubali kujenga.

Mnaona sasa jinsi mduara unavyofungwa. Mavuno ya kijijini yakipotea, bei ya unga hupanda Katoyi. Bei ikipanda, mama huongeza mzigo wa makala ili watoto wale. Makala yakiongezeka, msitu hupungua; msitu ukipungua, mlima hushuka pamoja na maji. Ndiyo maana Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alikataa kutenganisha jeraha la dunia na jeraha la maskini. Kwetu jambo hilo twaliona jikoni, juu ya mbabula.

Je, basi hakuna mwenye kosa? La hasha. Njia ya gunia ni ndefu. Mwanzoni yupo anayechoma, mara nyingi mtu asiye na shamba. Katikati wapo wenye silaha wanaotoza ushuru njiani, na wafanyabiashara wanaopakia malori. Mwishoni yupo mama wa sokoni, na baada yake yupo mlaji, yaani sisi. Kosa limegawanyika, lakini halikugawanyika sawasawa: linakuwa zito kadiri mtu alivyo na uwezo wa kuchagua. Mnamo Julai 2007 sokwe wa familia ya Rugendo waliuawa ndani ya Virunga, na mauaji hayo yalihusishwa na biashara ya makala. Waliotajirika nayo hawakuwa akina mama wa Katoyi.

Mwezi huohuo wa Julai 2007, hapa Goma, aliuawa kijana Floribert Bwana Chui, mfanyakazi wa ofisi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani, kwa sababu alikataa rushwa ya kupitisha chakula kilichoharibika. Kanisa lilimtangaza mwenye heri tarehe 15 Juni 2025. Naye alisimama katika mnyororo wa biashara unaoanza mbali na kuishia katika sahani ya maskini. Mnyororo wote hakuuweza. Alishika pete moja tu, ile iliyokuwa mkononi mwake, akakataa.

Kwa hiyo, binti yetu, jibu letu ni hili. Mama yako si mwizi. Ameshika pete ya mwisho ya mnyororo ambao hakuufua yeye, na jasho lake limesomesha watoto na kulisha walimu. Tulikosa tulipomhukumu bila kusimulia historia yake, na tunamwomba msamaha. Hata hivyo msitu unakwisha kweli, na wewe uliyesomeshwa na makala hayo una uwezo wa kuchagua ambao yeye hakuupata. Wapo wakulima wanaopanda miti ya makala katika mashamba yao nje ya hifadhi, kama walivyoanza kufanya tangu 2007 katika mpango wa EcoMakala. Kipo kituo cha umeme wa maji cha Matebe, katika Rutshuru, kilichofunguliwa mwisho wa 2015. Hivyo havijatosha, na umeme usiofika kwa bei ya mama wa Katoyi haujafika. Kazi ya kuuliza kwa nini haujafika, na kwa nani unaishia, ni kazi yenu.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Ulizeni nyumbani: wazazi au mababu walitoka kijiji gani, na kwa nini waliacha ardhi yao? Andikeni majibu, hiyo ndiyo historia yetu isiyo katika vitabu.

2. Hesabuni fedha ambazo nyumba moja hutumia kwa makala katika mwezi mmoja. Je, nyumba kumi zikinunua gunia pamoja, kila moja ingeokoa kiasi gani? Je, zingeweza kununua kwa mkulima anayepanda miti yake mwenyewe?

3. Ni pete gani ya mnyororo iliyo mkononi mwako wewe?