Mchangiaji Anastahili Hesabu

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliikumba Kagera, na Watanzania wakachanga. Kabla mwezi haujaisha, Rais Magufuli alitengua uteuzi wa watendaji wawili wa serikali mkoani humo, kwa madai kwamba walifungua akaunti yenye jina sawa na la akaunti rasmi ya maafa. Mwaka 2018 zikaja kanuni chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002: shirika linalopokea zaidi ya shilingi milioni 20 litangaze hadharani mapato na matumizi yake. Kanuni hizo zililibana shirika, si ofisi ya umma. Lakini mkulima wa Mbalizi anayetuma mchango kwa simu hutoa jasho lilelile. Anastahili hesabu ileile, yeyote aliyeupokea.