Kitalu Kinachochorwa kwa Namba
Ramani ya leseni za madini inayofunguliwa leo kwenye kompyuta haihifadhiwi kama picha. Kinachohifadhiwa ni majiranukta, yaani namba zinazotaja mahali pa kila kona ya kitalu. Programu huzisoma, huunganisha kona kwa mpangilio, hufunga umbo, kisha hulipaka rangi ya aina ya leseni. Mtazamaji akiikuza ramani, mchoro huanza upya.

Enzi za ukoloni mpaka ulianzia kwenye vigingi. John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, alipogundua almasi Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940, kitalu kilikuwa vigingi ardhini na mstari kwenye karatasi. Mabadiliko yoyote yalidai mkono wa mchoraji. Mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita ulifungwa mwaka 1966; mgodi mkubwa wa sasa ulipofunguliwa mwaka 2000, upimaji nao ulikuwa unageuka. Mei 2 mwaka huohuo Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya kiraia. Kabla ya hapo kifaa cha mkononi kiliweza kukosea hadi mita 100, na kitalu cha mraba cha hekta 10 kina upande wa mita 316 tu.

Kosa lililobaki ni zito zaidi, kwa sababu halionekani. Leseni nyingi za Tanzania ziliandikwa kwa datamu ya Arc 1960, msingi wa vipimo uliotokana na safu ya pembetatu zilizopimwa kufuata longitudo ya 30, wazo la mwanaastronomia David Gill wa Cape Town mwaka 1879. Safu hiyo ilikamilika mwaka 1954. GPS hutumia msingi mwingine, WGS84. Namba zilezile zikichorwa bila kugeuzwa, kitalu huhama karibu mita 300 kwenda kaskazini. Kwa kampuni yenye eneo la kilomita nyingi hilo ni kero. Kwa mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Geita, ni karibu kitalu chote kuhamia kwa jirani, pamoja na duara, yaani shimo alilolichimba kwa miezi.

Kuchora kwenyewe kuna mitego yake. Mji wa Geita, kwa vipimo vya mita vya mfumo wa ramani wa UTM, kanda ya 36 kusini, uko kwenye mita 414,000 hivi mashariki na 9,683,000 kaskazini, ilhali skrini ina pikseli elfu moja au mbili tu. Hivyo programu hutafuta namba ndogo na kubwa kuliko zote, hutoa ile ndogo, kisha huzidisha kwa kipimo cha ramani. Tena skrini huhesabu kutoka juu kwenda chini. Asiyepindua mhimili huo hupata ramani iliyosimama kichwa chini. Na latitudo ikiandikwa mahali pa longitudo, Geita huangukia mashariki mwa Moroko.

Mwaka 2015 wizara iliyohusika na madini ilianzisha mfumo wa leseni kupitia mtandao. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 yakaunda Tume ya Madini, inayosimamia leseni hizo sasa. Kompyuta huweza kulinganisha ombi jipya na vitalu vilivyopo na kuonyesha panapopishana. Lakini vigingi havijaondoka: mwenye leseni huweka bikoni, yaani alama za mpaka, kwenye kona zake, na mpaka ukigombewa mpimaji hukagua kwanza GPS imewekwa kwenye datamu ipi, ndipo asogelee kona ya kwanza.