Ladha Ikivurugika

Vingunguti, Dar es Salaam, ni mtaa wa machinjio, na jua halijachomoza supu inanukia: utumbo, kongoro, ndimu, pilipili mbuzi. Sasa mchukue mkazi wa hapo aliyerudi jana kutoka hospitali ya saratani ya Ocean Road, alikowekewa dripu ya kemo. Mkewe anamletea bakuli la supu apate nguvu. Anaonja kijiko kimoja, anasukuma bakuli. "Kama nalamba msumari, mama Asha."

Madaktari huita hali hiyo disgeusia, neno la asili ya Kigiriki: dis- ni hitilafu, geusis ni kuonja. Kwa Kiswahili mtu hukimbilia "kukosa hamu ya kula" au "kupoteza ladha", na kote anakosea. Asiye na hamu hataki kula hata kama ulimi wake ni mzima. Aliyepoteza ladha, kwake kila kitu ni chapwa. Huyu wetu anaonja vizuri tu, ila anachoonja sicho kilichomo bakulini. "Upotovu wa ladha" ungekaribia, lakini unaufanya ulimi uonekane umeasi dini. Mimi nashika "mvurugiko wa ladha", kwa kuwa kilichovurugika chaweza kutulia, na mara nyingi hutulia matibabu yakiisha.

Chanzo chake si deko. Seli za kuonjea hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku 10 hadi 14 hivi, na dawa za kemo huziandama seli zinazogawanyika upesi, za saratani na zisizo za saratani. Mionzi ya kichwani na shingoni nayo hukausha mate, na chakula kisichoyeyuka kwenye mate hakionjeki sawasawa. Nyama nyekundu ndiyo huchukiwa mapema, kwa ile ladha ya chuma. Kwa mtu wa Vingunguti huo ni msiba wa pili.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotutega. Mgonjwa anayekonda hupewa kirutubishi cha nyongeza: kinywaji kizito cha maziwa chenye protini nyingi, cha vanila au chokoleti, au nyumbani uji wa unga wa lishe uliojaa sukari. Anaulizwa, "Ni tamu?" Kwetu soda ni tamu, na pilau ni tamu, neno moja linabeba sukari na uzuri. Anajibu "Tamu", maana sukari anaisikia, tena imemkinaisha. Anayeuliza anaelewa amekipenda. Kesho kikombe kinakutwa kimejaa.

Kukinai: hilo ni neno ambalo wataalamu wa lishe wangelipokea kwa mikono miwili. Kinywaji kilekile, ladha ileile, wiki ya tatu. Hata mzima angekinai.

Wengine huokolewa na uchachu: uji wa ukwaju, mtindi, tone la ndimu, mradi kinywa hakina vidonda. Ubaridi hupunguza harufu. Kijiko cha plastiki hakiongezi chuma juu ya chuma. Nyama ikishindikana, mayai na maharage hubeba protini bila ugomvi. Lakini ulimi wa huyu si wa yule, na wa leo si wa wiki ijayo, kwa hiyo lazima kuuliza, tena bila neno tamu. Sukari imezidi? Chumvi je? Ukishameza, kinabaki nini mdomoni?

"Kutu," atasema mmoja. Mwingine: "Sabuni."