Chemirocha: Nusu Mtu, Nusu Swara, Kutoka Mississippi

Mwaka 2025 ulitimiza miaka 75 tangu wasichana wa Kipsigis waimbe mbele ya maikrofoni huko Kapkatet wakimsifu mtu ambaye hawakuwahi kumwona. Hakuwahi kukanyaga Afrika, na tayari alikuwa na miaka 17 kaburini. Sikusikia redio yoyote ikiikumbuka siku hiyo. Wimbo wenyewe hauzidi dakika mbili: sauti nyembamba za wasichana zikipokezana juu ya nyuzi za chepkong, na ndani yake jina moja likirudi na kurudi. Chemirocha.

Aliyeshika maikrofoni ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyekulia kikazi Rhodesia ya Kusini na ambaye aliingiwa na wazimu mzuri wa kurekodi ngoma za Afrika kabla hazijapotea. Mwaka 1950 alizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika na gari lake la mitambo. Kapkatet ilikuwa kituo tu njiani, kijiji cha Bureti kisicho mbali na mashamba ambayo Brooke Bond na wenzao walianza kuyapanda chai katika miaka ya 1920. Alirekodi nyimbo kadhaa hapo, na tatu kati yake zilipewa jina lile lile. Wanaume wanasikika katika mbili za kwanza. Ya tatu, iliyozunguka dunia, lebo yake inamtaja Chemutoi Ketienya, kisha inaongeza kwa ufupi kwamba anaimba na wasichana wa Kipsigis. Hao wengine hawana majina.

Tracey aliuliza Chemirocha ni nani. Kwa maelezo aliyoyaandika, jina hilo lilikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilifika huku na gramafoni. Wasichana, anasema, walikuwa wamemgeuza kiumbe nusu mtu nusu swara, na katika wimbo wanamwalika acheze ile ngoma ya kuruka mpaka nguo zimvuke mwilini. Tracey akamfananisha na Pan, mungu wa Wayunani mwenye miguu ya mbuzi. Tangu hapo kila anayeusimulia wimbo huu hurudia maneno yake.

Kwa wasiomjua, Rodgers alizaliwa Septemba 1897, akahusishwa maisha yake yote na mji wa Meridian, Mississippi, na kufanya kazi kwenye reli mpaka kifua kikuu kikamwondoa. Alirekodi kwa mara ya kwanza Bristol, Tennessee, Agosti 1927, na kufikia Mei 1933 alikuwa amekufa. Kilele kiko katikati ya miaka hiyo michache. Mwaka 1929 alicheza filamu fupi na kujijengea nyumba kubwa Kerrville, Texas. Julai 1930 alirekodi Hollywood akiwa na Louis Armstrong kwenye tarumbeta, Mzungu na Mweusi katika chumba kimoja wakati Marekani haikupenda kuona jambo hilo. Kilichomtambulisha ni kuivunja sauti katikati ya neno, ikapanda juu kama inateleza, ikashuka tena. Wanamuziki wa roki walimchukua kama babu yao: Lynyrd Skynyrd walikuwa wakipiga wimbo wake jukwaani mwaka 1976, na mwaka 1986 jumba la heshima la roki likamwingiza miongoni mwa waliowatangulia.

Sasa, santuri hizo zilifikaje Kapkatet? Hapa ndipo ninapogombana na hadithi iliyozoeleka. Inasemekana zililetwa na wamisionari, na wamisionari kweli hawakukosekana: Willis Hotchkiss, Mmarekani, alianzisha misheni yake nchi ya Lumbwa, yaani ya Wakipsigis, mwaka 1905, na wengine walifuata Litein na Tenwek. Lakini wimbo uliompa Rodgers umaarufu unamhusu mwanamume anayeapa kumpiga mpenzi wake risasi. Nyingine ni za wahuni wa reli, pombe na wanawake walioondoka. Mtu aliyekuja kuwafundisha wasichana wetu zaburi angeziweka hizo kwenye gramafoni jioni, waumini wakisikiliza? Labda mmoja alizificha chini ya kitanda. Mimi naona njia nyingine rahisi zaidi. Kampuni za Uingereza zilizitoa santuri zake kwa lebo ya Regal Zonophone, na himaya nzima ilizinunua. Walowezi walikuwa na gramafoni sebuleni, na mpishi, yaya na kijana wa bustani walikuwa na masikio. Dukawalla naye aliuza sindano za gramafoni karibu na sukari na mafuta ya taa. Kisha askari wa KAR, jeshi la kikoloni, walirudi kutoka vita vya 1939 hadi 1945 wakiwa wamesikia mengi kuliko waliyotumwa kusikia.

Na hiyo miguu ya swara? Watu wa nje hupenda kuisoma kama ushamba: wasichana hawakujua mashine ni nini. Mimi nasikia mzaha. Sauti inatoka kwenye sanduku, haina mwili, na inaruka kama mnyama aliyestuka. Msichana mwenye akili anaulizwa mwenye sauti hiyo ana miguu gani. Atajibu nini? Tazama pia walivyolifinyanga jina. Jimmie ikawa Chemi, na Che- ni mwanzo wa majina ya wasichana wetu, Chemutoi mwenyewe akiwa shahidi. Sijui kama walikusudia, ila mwanamume wa reli aliondoka Kapkatet akiwa na jina linalofaa kuitwa mtoni kuchota maji.

Yaliyofuata ni mafupi. Tracey alianzisha maktaba yake ya muziki wa Afrika mwaka 1954, akafa mwaka 1977, na sasa kanda ziko Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda, Afrika Kusini. Kuanzia mwaka 2014 maktaba hiyo na Ketebul Music ya Tabu Osusa, Nairobi, walianza kuzirudisha rekodi hizo Kenya, zikiwamo za Kipsigis. Waliwakuta wazee walioikumbuka siku ile ya maikrofoni. Miaka 64 ni mingi kungoja kusikia sauti yako.

Tangu mwaka 2016 tuna sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, inayozipa serikali za kaunti jukumu la kuweka rejista ya mali kama hii. Kaunti ya Kericho inajua kuhesabu majani ya chai kwa kilo. Wimbo huu nao ungehitaji mstari mmoja tu kwenye daftari, pamoja na majina ya wale wasichana wengine, ikiwa bado kuna anayeyakumbuka. Wangekuwa makogo, yaani mabibi, wenye umri wa zaidi ya miaka 80 sasa.

Ukipanda matatu ya Kericho kwenda Litein Jumapili, huenda dereva akawa ameweka Don Williams au Jim Reeves, na nusu ya abiria wakawa wanajua maneno. Mtaje Rodgers, na jirani yako atakurekebisha kwa upole kwamba huyo ni Kenny.