Jinsi ripoti za madaktari zinavyofichua mwenendo wa magonjwa ya zinaa

Mwenye kisonono au kaswende aghalabu hamwambii jirani, na pengine hata mwandani wake. Kwa hivyo, nchi inayotaka kujua iwapo magonjwa ya zinaa yanaenea au yanapungua hutegemea zaidi ushahidi wa daktari.

Uingereza ni miongoni mwa nchi zenye kumbukumbu za kale. Baada ya ripoti ya tume ya kifalme mwaka 1916, mabaraza ya wilaya na miji yaliagizwa kutoa matibabu bila malipo na kwa siri. Hesabu zilianza kuwekwa mwaka 1918. Kwa miongo mingi kliniki zilituma jumla tu: wangapi wana ugonjwa gani, wanaume kwa wanawake. Jina la mgonjwa halikutoka nje ya kliniki. Siri hiyo ndiyo iliyowapa watu ujasiri wa kujitokeza, na pasipo wagonjwa daktari hana la kuripoti.

Vitabu hivyo vinasimulia mengi. Maambukizi yalipanda mwaka 1946 askari walipokuwa wakirejea kutoka vitani, yakashuka penisilini ilipoenea, yakapanda tena miaka ya 1960 na 1970. Katikati ya miaka ya 1980 hofu ya Ukimwi iliyashusha. Mwaka 2023, England pekee iliandikisha visa 85,223 vya kisonono, idadi kubwa zaidi tangu 1918. Mwaka uliofuata vilikuwa 71,802.

Hata hivyo, ripoti hizi huhesabu waliofika kupimwa, si wote walioambukizwa. Mwaka 2020 visa vilipungua sana, lakini huo ulikuwa mwaka wa Covid-19, huduma za kliniki zilipopunguzwa na watu wakasalia majumbani. Ni kosa kusoma mteremko kama huo kuwa ushindi.

Faida kubwa ya ripoti hizi huonekana katika dawa. Tangu mwaka 2000, kliniki teule za England na Wales zimekuwa zikituma vijidudu vya kisonono vikapimwe kwenye maabara. Shirika la Afya Duniani hushauri dawa iachwe pindi zaidi ya asilimia 5 ya vijidudu vinapoihimili. Siprofloksasini ilivuka mpaka huo mwaka 2002, ikaachwa. Mwaka 2011 vidonge vilivyotumiwa baadaye navyo viliwekwa kando, sindano ikawa ndiyo tiba.

Humu nchini, ambako vituo vingi vya afya havina maabara ya kutosha, mhudumu huongozwa na dalili: anayetokwa na usaha hutibiwa kisonono na klamidia kwa pamoja, na kinachoandikwa ni dalili hiyo. Lakini wanawake wengi wenye maradhi haya hawaoni dalili yoyote. Hao hawatibiwi, wala hawamo katika ripoti.