Seli T Zinazozuia: Dhana Iliyozikwa Ikafufuka

Hadi kuingia miaka ya 1960, wataalamu wengi waliiona tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, kuwa masalia yasiyo na kazi. Mwaka 1961 Jacques Miller, aliyekuwa akichunguza saratani ya damu jijini London, aliwatoa tezi hiyo panya wachanga. Wakakonda na kuandamwa na maradhi, na walipopandikizwa ngozi ya panya wa ukoo mwingine, ilishika bila kukataliwa. Miaka michache baadaye, huko Melbourne, Miller na mwanafunzi wake Graham Mitchell walionyesha kwamba seli zitokazo kwenye thaimasi, yaani seli T, hazitengenezi kingamwili. Huzisaidia seli za uboho kuzitengeneza.

Seli hizo saidizi twazijua vizuri Afrika Mashariki kwa jina la kliniki: CD4. Virusi vya Ukimwi huzishambulia hizo hasa. Zikishuka chini ya 200 kwa mikrolita moja ya damu, magonjwa nyemelezi hupata mwanya, ingawa seli T zenye kazi ya kuua seli zilizoambukizwa bado zipo. Bila msaidizi, muuaji hudhoofika.

Lakini nani huwazuia wasaidizi na wauaji wasiugeukie mwili wenyewe? Mwaka 1970 Richard Gershon wa Chuo Kikuu cha Yale alidai kuwa zipo seli T za kuzuia. Dhana ikapata wafuasi wengi, kisha ikaporomoka miaka ya 1980, pale jeni iliyodhaniwa kuzitambulisha ilipotafutwa mahali pake isionekane. Wengi wakaikimbia. Naona hapo palifanyika kosa: ushahidi dhaifu ulipotupwa, swali zuri nalo likatupwa.

Swali hilo lilikuwa likingoja Nagoya, Japani. Mwaka 1969 Yasuaki Nishizuka na Teruyo Sakakura waliwatoa thaimasi panya jike siku ya tatu baada ya kuzaliwa, na ovari zao zikaharibika. Shimon Sakaguchi alilishika fumbo hilo. Kama thaimasi ni chimbuko la walinzi, kuiondoa kungepaswa kuupunguza ukali wa kinga. Mbona hapa kinga iliula mwili? Aliwapa panya hao seli T za panya wazima wa ukoo uleule, na ugonjwa haukutokea. Miongoni mwa seli hizo, basi, zilikuwamo zinazotuliza. Kuzitenga kulimchukua zaidi ya miaka 10: mwaka 1995 alionyesha kuwa seli hizo hutambulika kwa alama ya CD25 pamoja na ile ya CD4.

Jeni inayoziongoza seli hizo ilipatikana Marekani. Katika maabara ya Oak Ridge, tangu miaka ya 1940, kulikuwa na ukoo wa panya ambao baadhi ya madume wake walizaliwa na ngozi yenye magamba, wakafa baada ya wiki chache. Mary Brunkow na Fred Ramsdell walizipitia jeni moja moja hadi wakaikuta iliyoharibika, Foxp3, mwaka 2001. Hitilafu kwenye jeni hiyohiyo ndiyo chanzo cha ugonjwa adimu wa watoto wa kiume, ambao kinga yao hushambulia utumbo, kongosho na ngozi. Mwaka 2003 ikathibitika kuwa Foxp3 ndiyo inayoziongoza seli za Sakaguchi. Watatu hao walitunukiwa Nobeli ya tiba mwaka 2025.

Leo madaktari wanajaribu kuziongeza seli hizo kwa waliopandikizwa viungo, na kuzipunguza ndani ya uvimbe wa saratani, ambako huikinga saratani isishambuliwe.