Maji Yalitangulia Treni

Mwulize kijana yeyote pale Kibosho teknolojia ilianza lini kwetu. Atakutajia simu. Akijitahidi sana atakutajia treni. Yaani anahesabu vitu vilivyopanda mlima kutoka huko chini. Mimi nasema tuanze na kitu kilichoteremka, nacho ni maji.

Kabla Mjerumani hajafika, wazee wetu walishachimba mifongo. Hebu fikiria kazi yenyewe, ndugu msomaji. Unapanda juu, unaziba sehemu ya mto kwa mawe, magogo na udongo, halafu unayaongoza maji ubavuni mwa mlima mpaka kwenye vihamba na mashamba ya ulezi. Ukiyapa mteremko mkali yanakula udongo. Ukiyapa mteremko mdogo mno yanalala. Penye korongo waliyavusha kwa magogo yaliyochongwa katikati. Hawakuwa na ramani wala vipimo vya karatasi. Walitumia macho, na maji yenyewe yaliwasahihisha. Chuma walikipata kwa jirani zao wa Upare, hasa Ugweno, ambako ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi.

Tena mfongo haukuwa mtaro tu. Ulikuwa na zamu, ulikuwa na msimamizi, na asiyefika siku ya kusafisha alitozwa faini. Kwa maoni yangu sheria hizo nazo ni uvumbuzi, maana mtaro usio na zamu ni ugomvi mtupu.

Bunduki zilikuja kwa njia nyingine. Zililetwa na misafara ya pwani katika karne ya 19, na Mangi Sina wa Kibosho akatisha mlima mzima. Lakini mwaka 1891 Wajerumani chini ya Hermann von Wissmann walimshambulia kwa silaha kali zaidi, na boma lake likaanguka. Hapo kuna fundisho: ukiishi kwa chombo ambacho huwezi kukitengeneza, daima atakuja mwenye kipya zaidi.

Baadaye ikaja reli. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, na treni ikafika Moshi mwaka 1911. Wakati huo kahawa iliyoletwa na wamisionari ilikuwa imeanza kushika mizizi. Baadhi ya walowezi hawakutaka Mchagga ailime. Wakulima hawakukaa kimya. Mwaka 1925 waliunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Treni iliyojengwa ili kumtajirisha mgeni ikabeba pia magunia ya mwenyeji.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hulipita tu. Mashine ya kumenya kahawa, ile ya kuzungusha kwa mkono, ilitoka Ulaya. Lakini kahawa ikishamenywa lazima ioshwe, na kuosha kunataka maji mengi. Maji hayo yalitoka wapi? Yalitoka kwenye mfongo! Mashine mpya ilikuta kazi ya mababu inaisubiri mlangoni. Bila mfongo, ingekuwa chuma cha kuchezea watoto.

Tangu hapo mwendo umezidi kuwa wa kasi. Treni ya mvuke ya Richard Trevithick ilitembea Uingereza mwaka 1804. Ilichukua miaka 107 kufika Moshi. Marconi alianza majaribio yake ya redio mwaka 1895. Matangazo ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, baada ya miaka 56. Simu ya kwanza ya mkononi ilipigwa New York mwaka 1973, na Tanzania ikaanza huduma hiyo mwaka 1994, baada ya miaka 21. Na M-Pesa je? Ilianza Kenya mwaka 2007, mwaka uliofuata ikawa Tanzania. Leo bibi wa Kibosho anapokea hela kutoka kwa mjukuu aliyeko Dar kabla chai haijachemka.

Basi tushangilie? Tushangilie, ndiyo. Lakini kuna hesabu moja inayonikosesha usingizi. Vitu vinatufikia haraka, na sisi tunasahau haraka vilevile. Mifongo mingi imekauka au imezibwa na takataka. Mabomba ni mazuri kwa maji ya kunywa, sibishi, lakini migomba hainyweshwi kwa ndoo. Vijana tumeshuka mjini, na wanaojua kukadiria mteremko kwa macho wanazeeka.

Simu ikiharibika utanunua nyingine. Ujuzi wa mfongo hauuzwi dukani. Kwa hiyo nawaomba wenzangu wenye simu zenye kamera: siku ya kusafisha mfongo ikitangazwa, pandeni nazo. Mrekodini mzee akieleza banio linavyojengwa na zamu zinavyogawanywa. Mkishamaliza kurekodi, zitieni mfukoni mkamate majembe.